Jinsi ya kutoa ofa ya mashua iliyotumika bila kuliwa arbuni

Mashua yangu imetia nanga Deep Sea, Tanga, na karatasi zake zote zina jina langu. Kuipata kulinichukua miezi saba. Miwili ilikuwa ya haki. Mitano ilikwenda kwa kosa moja nililolifanya siku ya kwanza, saa kumi na nusu jioni, kwenye benchi la kahawa huko Pangani, nilipomhesabia mtu laki nane za arbuni bila kumuuliza swali ambalo hata mnunua mbuzi huuliza. Kwa hiyo mwongozo huu hauendi sawasawa. Penye wepesi napita mbio, pale niliponyolewa bila maji nakaa.

Kutafuta chombo hakuhitaji mwongozo. Nenda diko lolote, yaani pwani vyombo vya wavuvi vinakofikia, Kunduchi, Bagamoyo, Pangani, Kilindoni kule Mafia, taja kwa sauti ya kawaida kwamba unatafuta mashua, kisha agiza kahawa. Kikombe hakijapoa utakuwa umekaa na madalali watatu, na wote watatu wanauza chombo kimoja. Angalia msimu tu. Kusi, upepo wa kusini, likishakaza, Juni na Julai, vyombo vingi vidogo vinakaa pwani, mwenye nacho anakitazama kila asubuhi na hakimwingizii kitu, na hapo ndipo anapoongeleka. Likianza kaskazi kila mtu ni nahodha.

Kagua saa nne asubuhi, si saa kumi jioni

Pwani ya Tanga bamvua, kujaa na kupwa kukubwa kuliko siku nyingine, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu na saa nne. Baina ya kujaa na kupwa kuna mita tatu au zaidi. Dalali anaijua hesabu hii kuliko jina la mkwewe, ndiyo maana miadi yake ni ya jioni: chombo kinaelea, rangi ya buluu inang'aa, jua la magharibi linakipiga ubavuni, na nusu yake mbovu imo majini. Mkatalie. Mwambie utakuja siku ya bamvua saa nne asubuhi, chombo kikiwa kimepwelewa mchangani, uweze kuinama chini yake.

Nenda na kisu kidogo na fundi asiyekuwa wa diko hilo. Fundi wa hapohapo ama ndiye aliyekiunda, ama anamdai muuzaji na anangoja hela yako. Chomeka ncha ya kisu kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, kila baada ya hatua moja, kisha kwenye mbao za chini zinazoshikana nao, kulia na kushoto. Ubao mzima unakikataa kisu. Ulioliwa na wadudu wa baharini unakipokea kama muhogo wa kuchemsha. Wangu ulikipokea mahali pawili, karibu na tezi, yaani nyuma. Tazama misumari kama inalia kutu. Ukikuta deheni, ile chokaa na mafuta ya kupaka chini, ingali mbichi na inanuka, ahirisha ukaguzi. Deheni ni dawa ya chombo, lakini deheni ya juzi kwenye chombo kinachouzwa leo ni poda usoni. Ndani, inua mbao za kukanyagia utazame ngama, kule chini yanakokusanyika maji. Ukiona saruji humo, ujue kuna tundu ambalo mtu hakutaka kulilipia kalafati, pamba ya kuzibia viungo vya mbao.

Fundi wangu alikuwa mzee asiyesema. Alipita taruma, mbavu za chombo, moja baada ya jingine na nyundo ya mti, anagonga, anatega sikio, anasogea. Akifika penye ubovu, anakohoa. Nilihesabu vikohozi sita. Tulipomaliza nilimuuliza kila kikohozi kitanigharimu kiasi gani, akataja mbao, misumari, pamba ya kalafati na siku zake za kazi. Jumla ilikuwa laki tisa. Hiyo ndiyo namba utakayoingia nayo kwenye ofa. "Punguza kidogo, mkubwa" haina hesabu ndani yake, na dalali analijua hilo. Tanga la chombo na foromali, mti unaolibeba, visikutie wasiwasi sana, vinabadilishwa.

Chombo hiki ni cha nani?

Hili ndilo swali ambalo sikuliuliza.

Muuzaji wangu alikuwa anakisafiria chombo kila siku. Mabaharia wanamwita nahodha, diko zima linasema "mashua ya fulani". Nikaridhika. Hati ya usajili, alisema, iko nyumbani. "Nitakuletea, bosi, hati haina miguu." Kweli haina, ndiyo maana haikuja. Ilipofika baada ya wiki mbili, tayari laki nane zangu zimo mfukoni mwake, ilikuwa na jina la marehemu baba yake, aliyefariki miaka minne nyuma akaacha mjane na watoto sita. Nilichokuwa nimekitolea arbuni ni sehemu ya mirathi ambayo haijafunguliwa.

Nilikwenda kumwona mjane. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea uji, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, hizo hela ulimpa nani? Mimi sijazisikia hata harufu."

Bara, mtoto kuendesha mali ya marehemu hakumfanyi kuwa mwenye mali, hata akiwa ndiye mkubwa, hata akiwa ndiye aliyelipia tanga jipya. Wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi za pwani kazi hiyo hufanyika Mahakama ya Mwanzo. Familia inakaa kikao na kuandika muhtasari wa nani wamempendekeza, wanatafuta cheti cha kifo cha RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, wanajaza Fomu Namba 1, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipotokea mtu msimamizi anapewa Fomu Namba 4. Hiyo ya 4 ndiyo unayoitaka wewe mnunuzi. Omba pia kuiona Namba 5, orodha ya mali na madeni ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne, uhakikishe mashua imo. Visiwani njia ni nyingine: mirathi ya Waislamu iko Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ina nafasi yake.

Ukiisoma hivyo unaweza kudhani ni wiki sita. Kwetu cheti cha kifo hakikuwapo, kulikuwa na kibali cha mazishi tu kilichokunjwa hadi maandishi yakakatika katikati. Mtoto mmoja yuko Muscat na alitaka kusomewa muhtasari wote kwa simu kabla ya kukubali, na kila aliposomewa alikuwa na nyongeza. Kesi iliahirishwa mara mbili, mara moja kwa sababu jalada lilikuwa kwenye kabati na ufunguo wa kabati ulikuwa likizo pamoja na mwenyewe. Muda wote huo mashua ilikaa juani. Chombo cha mbao kikikosa maji mbao zinasinyaa, viungo vinafunguka, na kalafati inachomoza kama pamba kwenye godoro kuukuu. Vikohozi sita vikawa tisa.

Basi neno la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Liwe: "Nionyeshe hati." Ikija, linganisha jina na kitambulisho chake cha NIDA, na namba iliyoandikwa kwenye hati na ile iliyopakwa ubavuni mwa chombo. Kisha uliza kwenye daftari la usajili kama kuna rehani iliyoandikishwa juu yake. Umalizie kwa fundi na kwa muuza tanga, uwaulize kama wanadai. Hawa wawili watakujibu haraka kuliko ofisi yoyote.

Kuandika ofa

Watu wengi wa pwani hutoa ofa kwa mdomo, wakiapa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa nafasi nzuri kuliko kiapo. Pendekezo lako unaweza kuliondoa wakati wowote kabla muuzaji hajakutumia jibu la kukubali; akishalituma, hata kama halijakufikia, umechelewa. Na kukubali kunatakiwa kuwe kamili, bila nyongeza: muuzaji akikuandikia "nakubali ila ongeza laki mbili", hajakubali, ametoa pendekezo lake jipya, na wewe huna deni lolote. Kwa hiyo andika, na majibu ya kwenye simu usiyafute. Mara ya pili mimi niliandika hivi, karatasi moja tu:

"Mimi (jina, namba ya NIDA) napendekeza kununua mashua (jina na namba ya usajili) pamoja na mlingoti, foromali, tanga moja, usukani, nanga mbili za chuma na kamba zake, kwa shilingi 5,400,000. Pendekezo hili linakoma saa sita mchana tarehe (…). Masharti ni matatu. Muuzaji aonyeshe hati halisi ya usajili yenye jina lake, au hati ya usimamizi wa mirathi. Chombo kikaguliwe na fundi nitakayemleta mimi, kikiwa kimepwelewa. Kisafiri baharini saa mbili nami nikiwamo. Sharti moja likishindikana, arbuni ya shilingi 200,000 irudishwe yote ndani ya siku saba."

Usiione orodha ya vifaa kuwa ni ushamba. Karatasi yangu ya kwanza, iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule, iliandika "mashua na vitu vyake". Kati ya siku ile na siku ya makabidhiano nanga ya chuma iligeuka jiwe lenye tundu, na hakuna aliyeweza kunieleza ilivyogeuka. Tarehe ya mwisho nayo iweke. Ofa isiyo na mwisho inatembezwa diko zima kama mnada, kila anayekuja anaambiwa "kuna jamaa wa Tanga ameshatoa kiasi hiki".

Bei ya kuanzia ilikuwa 6,500,000. Niliambiwa "bei ya mwisho" mara tatu, na zilikuwa bei tatu tofauti. Nilitaja hesabu ya fundi, kikohozi baada ya kikohozi, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikofanya kazi. Dalali hawezi kustahimili ukimya.

Arbuni yenyewe iwe ndogo, kiasi ambacho ukikipoteza utalala usiku huo. Itume kwa simu au benki, kwa jina lilelile lililo kwenye hati, na kwenye maelezo ya malipo andika namba ya usajili wa chombo. Fedha taslimu benchini haina shahidi, hata benchi likiwa na watu kumi. Laki nane zangu zilirudi, kwa mafungu manne, mojawapo likiwa nusu gunia la dagaa.

Kuijaribu baharini

Kama chombo kilikuwa juu, mwache muuzaji akitie majini siku mbili tatu kabla ya safari ya majaribio, mbao zinywe na kufura. Bila hivyo hata chombo kizima kitavuja na utamwonea mtu. Ukishatoka, fua maji yote ngamani, yaani yachote uyamwage nje, tazama saa, kisha hesabu ndoo zinazofuliwa kwa saa moja. Mlazimishe nahodha abishe, aende akipingana na upepo, asikupeleke na upepo wa nyuma tu. Kila chombo ni kizuri kikiwa na upepo mgongoni. Ubavu unaoelemea ndio unaozungumza. Mashua yangu ilifuliwa ndoo nne kwa saa, fundi akasema zinavumilika, nikapunguziwa nyingine laki moja.

Kuhamisha jina

Hapa napita mbio maana kinachochosha ni foleni, na foleni haielezeki. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, muuzaji akiwa ni msimamizi wa mirathi aandike hivyo waziwazi, na warithi wengine wasaini kama mashahidi. Lipia ushuru wa stempu TRA, kwa sababu mkataba usio na stempu hautapokelewa kama ushahidi siku mtakapokosana. Bara vyombo viko chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo cha Unguja unachokileta bara kinatakiwa kwanza kifutwe kwenye daftari la kule, maana hakiwezi kuwa na wenyeji wawili. Chukua hati ya zamani, mkataba, NIDA, TIN na picha za chombo za ubavuni na za omo, yaani mbele, piga nakala za kila kitu kabla hujaondoka nyumbani. Stesheneri iliyo jirani na ofisi yoyote ya serikali huwa haina wino siku yako.

Malipo ni kwa ile namba ndefu ya malipo ya serikali inayoanzia na 99. Ilipie siku hiyohiyo uliyopewa, kwa sababu ina tarehe ya kufa, na kuomba nyingine ni kurudi mwisho wa foleni. Mkaguzi wa usalama atataka kuona jaketi okozi kwa idadi ya watu, na zile za kuazima kwa jirani huzijua kwa rangi. Leseni ya uvuvi ya muuzaji usiihesabu ndani ya bei. Ni ya mwaka, na wewe utaomba yako halmashauri kwa jina lako, ukianzia kwa afisa uvuvi na wazee wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, cha diko unakohamia.

Namba mpya mwandikishe fundi wa rangi anayejua kusoma, na usimame hapohapo hadi amalize. Wangu aliipaka vizuri sana upande wa kulia. Upande wa kushoto aliianzia nyuma ili nayo ielekee omo.