Somo: Kuboresha mashine ya zamani badala ya kununua mpya

Mashine nyingi zinazouzwa kama chuma chakavu hazijachoka mwili. Fremu ni nzima; kilichochoka ni mota na paneli ya umeme. Inaniuma kuziona zikikatwa.

Hatua ya 1. Kagua mwili. Fremu ikiwa na ufa, ishia hapo. Beringi, sili na mikanda si hoja, maana hubadilishwa.

Hatua ya 2. Pima kabla hujagusa kitu: ampea, joto la mota, kazi inayotoka kwa saa. Bila namba hizo hutajua baadaye kama umefaidi.

Hatua ya 3. Chora saketi ilivyo sasa, kila waya uupe lebo. Mchoro wa kiwandani usiuamini peke yake, kwani mafundi waliotangulia huwa wameshapitisha waya zao humo.

Hatua ya 4. Funga inverta, yaani kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota. Mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, kazi iwe nyingi au kidogo. Ndiyo maana pampu ikizidi mahitaji watu hubana vali, na umeme ukapotea bure palepale. Inverta hushusha hezi, mwendo ukapungua. Kwa feni na pampu za kuzungusha maji, nguvu hufuata kipeo cha tatu cha mwendo: shusha mwendo hadi asilimia 80, nguvu itashuka hadi karibu asilimia 51. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu haifiki huko, maana kimo hakipungui.

Hatua ya 5. Weka swichi ya dharura na vifuniko vya mikanda. Hii hairukwi. Ukitaka kufungua inverta, zima, piga kufuli, kisha subiri muda ulioandikwa juu yake. Kapasita, vihifadhi umeme vya ndani yake, hubaki na chaji inayoua.

Hatua ya 6. Endesha bila mzigo, kisha nusu, kisha kamili. Rudia vipimo vya hatua ya 2.

MASWALI

Mwalimu, mota yangu ina zaidi ya miaka 20. Itastahimili inverta?

Pima insulesheni kwanza, yaani kihami cha waya za mota. Inverta hutoa volti kwa mapigo makali, na kebo ndefu huyazidisha, kwa hiyo inverta iweke karibu na mota. Insulesheni ikiwa dhaifu, mota isukwe upya. Ukiiendesha polepole muda mrefu, iongezee feni ya pembeni, maana ile ya nyuma haitaipoza vya kutosha.

Shikamoo mwalimu. Mimi nina konveya, mkanda wa kubebea mizigo. Nitapata hiyo 51?

Marahaba. Hapana. Mzigo wa konveya ni uleule, hivyo nguvu hupungua sambamba na mwendo tu, na safari inakuwa ndefu. Faida yako ni kuanza taratibu, giaboksi isipigwe mshtuko.

Rilei zote, zile swichi zinazovutwa kwa umeme, nizitoe niweke PLC, kompyuta ndogo ya kuongoza mashine?

Zikiwa chache na kazi haibadiliki, ziache. Ukizitoa, paneli ya zamani itunze mpaka mpya imalize mwezi mzima wa kazi.