Usianze na Mhariri, Anza na Bei: Namna ya Kuandika Historia ya Jarida la Parokia

Halmashauri ya Walei walinitupia kazi: jarida letu linatimiza miaka 40, andika historia yake na wahariri wake. "Si wewe mzee uliyekuwa ukizungusha Gestetner?" Gestetner ni ile mashine ya kurudufu karatasi. Nikadhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinila miezi 7. Kama umetwishwa mzigo wa aina hii, kanisani au msikitini, pitia nilikopita mimi.

Kusanya matoleo kwanza, hata yaliyoliwa na mchwa. Ofisi ya parokia ilikuwa na 61 tu. Mengine yalitoka chini ya magodoro ya waumini, na moja tulilikuta limeviringishwa kuwa kizibo cha dumu la mafuta ya taa. Pini zenye kutu zitoe taratibu kwa ncha ya kisu butu. Karatasi za Dar zimekunywa unyevu wa bahari, ukivuta tu zinachanika.

Kisha chora safu kwenye daftari: namba ya toleo, mwezi, kurasa, bei, mchapaji, mhariri. Bei usiiruke. Kwetu, kila bei ilipopanda na kurasa zikapungua, haikupita muda mrefu mhariri akabadilika.

Jina lililoandikwa ukurasa wa pili usiliamini. Kwetu jina la katekista mmoja lilikaa pale miaka 9, kumbe mwenyewe alishahamia Morogoro mwaka wa tatu. Sisi wa mtamboni tulikuwa tukilinakili tu toleo hadi toleo. (Ndiyo, na mimi nimo.) Tahariri ndizo zilizotuumbua. Yeye alikuwa akianza na "Tumsifu Yesu Kristo" na kufunga na "Wasalaam". Ghafla salamu zikakatika, alama za mshangao zikamwagika kama mvua ya masika. Hapo ujue kalamu imeshikwa na mwingine.

Sasa watafute watu. Yombo nilimkuta bibi aliyekuwa akitupigia taipu stensili, zile karatasi za nta za kurudufia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kunidai?"

Nilipomwonyesha toleo la 1986 hakulisoma, alilinusa. Akaniambia makosa waliyafuta kwa dawa nyekundu yenye harufu kama rangi ya kucha, wakaipuliza ikauka ndipo wapige herufi juu yake. Kisha akanyoosha kidole: "Hii 'r' iliyokatika mguu ni mashine ya Padre. Yetu ilikuwa nzima." Kwa 'r' hiyo nikajua matoleo 14 yalipigwa nyumbani kwa Padre, yaani alikuwa anahariri mwenyewe kimyakimya. Mtu kama huyo usimpelekee karatasi ya maswali. Mpelekee jarida lenyewe, kisha kaa kimya.

Kwa utangulizi nenda Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, au maktaba ya Chuo Kikuu kule Mlimani. Hatukuwa wa kwanza: Msimulizi la misheni ya Waanglikana lilianza Unguja mwaka 1888, na hapa Dar, 1910, Wakatoliki walikuwa na Rafiki Yangu na Walutheri Pwani na Bara. Ila angalia usijikwae kwenye Kiongozi. Kijana wetu wa kamati aliandika kwamba gazeti la Kanisa Katoliki lilianza enzi za Mjerumani. La hasha! Lile Kiongozi la Tanga lilikuwa la shule ya serikali ya Kijerumani. Hili la Kanisa lilianza 1950. Jina moja, nyumba mbili.

Toleo usilolipata, andika halijapatikana. Yetu ni namba 88 hadi 93. Mzee mmoja alitaka tujaze pengo kwa "kipindi cha ukuaji", nikakataa.

Mhariri akiondoka kwa ugomvi, andika hivyo kwa sentensi moja, umpe asome kabla ya kuchapa. Wa sita wetu nilimwandikia: "Aliacha kazi Machi 1997 baada ya mvutano kuhusu habari ya michango ya paa." Alisoma mara mbili, akavua miwani, akaomba kalamu. Nikajua sasa anaifuta yote. Akakata neno moja tu, akaandika juu yake: kengele.