Pilau ya Krismasi si ya mbwa

Nyinyi mnaofuga mbwa hapa Unguja, nawaomba Krismasi hii msiwamwagie mabaki ya sinia. Pilau na mchuzi vina vitunguu maji na thomu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Ubaya wake, dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: mnyama analegea, ufizi unapauka, mkojo unageuka rangi ya kahawia, na wewe umeshasahau ulimpa nini. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Keki ya zabibu au chokoleti ni sumu kwake. Mchemshie nyama yake kwa maji matupu kabla hujatia viungo, atafurahi vilevile.

Majirani Waislamu wakija kutupa mkono wa sikukuu, wengi wao nguo ikiguswa na mate ya mbwa huwalazimu kuiosha mara saba, moja kwa udongo. Basi mtengee mapema sehemu ya uani yenye kivuli, upepo na maji tele. Msimwache na mnyororo juani, joto la kaskazi ni kali mno.

Halafu kuna fataki, za Mwaka Mpya na za usiku wa kuamkia Januari 12, Mapinduzi. Mtoe akojoe kabla ya saa sita, mfungie ndani, washa redio, ukae naye. Mbwa aliyetishika huruka hata ukuta ambao hajawahi kuujaribu.