Mkopo wa kikundi huku Mtwara: anza na hesabu ya msimu

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake hapa Mikindani. Wengine tunakaanga samaki, wengine wanabangua korosho. Mtu akiniuliza habari za mkopo, namuuliza kwanza: wateja wako wanashika pesa lini? Kwetu pesa huanza kuonekana minada ya korosho ikifunguliwa, Oktoba hivi. Ikifika Machi hata samaki wa kipande anakopwa. Kwa hiyo mtaji uwe mkononi kabla ya msimu, na marejesho mazito yaangukie miezi ya mauzo.

Anzeni na mkopo wa halmashauri. Kisheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Muwe angalau watano, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki. Atawaelekeza usajili na andiko la mradi. Fuatilieni, karatasi hulala.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa na marejesho ya haraka, achaneni nayo. Bahari ikichafuka siku mbili samaki hakuna, na mdai yuko mlangoni anakodolea macho mtungi wako wa gesi.

Kwenye andiko msijidanganye. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inataka ghafi kilo nne mpaka tano. Weka kuni, vifungashio, mafuta ya kupaka mikono isiungue na utomvu wa ganda, na zile zinazovunjika, maana bei yake iko chini. Ghafi nunueni kwa njia halali: mzigo wa kangomba, yaani korosho zilizonunuliwa kinyemela nje ya mnada, ukikamatwa umekwenda, deni mnabaki nalo.

Pesa ikianza kuzunguka, toa rejesho kwanza, rudisha mtaji, kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mwenzetu mmoja hununua sare na madaftari ya watoto Desemba, kabla bei haijapanda, kisha bati mbili tatu za nyumba. Kijora cha unyago hakimo humo, na tunagombana kweli kuhusu hilo.

Siku ya kutoa pesa benki waende watia saini wote, na risiti ipigwe picha, itumwe kwenye grupu la WhatsApp kabla hawajapanda bajaji.