Lori Linapokosa Nguvu na Kutoa Moshi Mweusi: Namna ya Kukagua Njia ya Hewa

Lori la dizeli lenye mzigo linapopanda mlima wa Kitonga likakosa nguvu na kutoa moshi mweusi, mafundi wengi hukimbilia nozeli na pampu za mafuta. Ni heri kuanza na hewa, kwa kuwa kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na hewa ikipungua, mafuta yasiyoungua vizuri ndiyo hutoka kama moshi huo.

Anzia kwenye kopo la chujio. Malori mengi yana kiashirio kinachoonyesha jinsi chujio lilivyoziba, na kikifika kwenye nyekundu chujio hubadilishwa. Kiamini hicho kuliko macho yako, maana karatasi inaweza kuonekana chafu sana ilhali bado inapitisha hewa ya kutosha. Tabia ya kulipuliza chujio kwa kompresa au kuligonga kwenye tairi iachwe kabisa: upepo mkali hutoboa karatasi, na matundu usiyoweza kuyaona hupitisha vumbi hadi ndani ya injini. Chujio dogo la ndani halisafishwi kamwe.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi zaidi ni mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye turbo, kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini. Ufa ukitokea hapa, gari halipotezi nguvu wala halitoi moshi, hivyo dereva hana la kulalamikia. Lakini turbo hufyonza vumbi lisilochujwa, nalo husaga ringi na silinda polepole mpaka injini ianze kula oili. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua mpira huo na uupanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Ukikuta mstari wa vumbi, ufuate hadi unapoanzia, kwa kawaida chini ya klipu iliyolegea au kwenye mkunjo uliopasuka. Mpira uliokauka hautengemai kwa kukazwa klipu, ubadilishe. Kabla ya kufunga, zungusha gurudumu la turbo kwa kidole: likigusa kuta, au ncha za mapanga yake zikiwa zimelika, turbo yenyewe inahitaji fundi. Utando mwembamba wa oili si jambo la kutisha.

Baada ya turbo mambo hubadilika, kwani hewa sasa imeshindiliwa na uvujaji wowote huitoa nje. Hapo ndipo moshi mweusi, udhaifu mlimani na sauti ya mluzi injini inapokanyagwa hujitokeza pamoja. Kagua mipira ya intakula (kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini) na maungio yake, ukitafuta alama za oili iliyochanganyika na vumbi, kisha paka maji ya sabuni huku mfumo ukiwa umejazwa upepo kupitia kizibo maalumu. Ongeza upepo taratibu, usivuke kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, na usisimame mbele ya kizibo, kwa sababu kikichomoka kinaweza kujeruhi vibaya. Intakula huvuja mara nyingi pale mirija inapoungana na matanki ya pembeni, mahali ambapo mtikisiko wa barabara mbovu huchosha chuma.

Ikiwa yote haya ni mazima na moshi bado upo, sasa nenda kwenye nozeli. Ikiwa ulikuta vumbi kabla ya turbo, peleka sampuli ya oili maabara ipimwe silikoni, ambayo ni dalili ya vumbi, hata kama gari linavuta vizuri.