Namna ya Kupima Usalama wa Safari Kabla ya Kupanga Chumba Dar es Salaam
Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, hesabu kilomita utakazosafiri kila siku kwenda kazini, kwa kuwa kila kilomita ya ziada huongeza muda unaokaa katika hatari ya ajali. Ajira nyingi zimerundikana katikati ya jiji, Posta na Kariakoo, ilhali wengi hulala pembezoni, kama Mbagala, Chanika na Bunju, hivyo alfajiri barabara chache hubeba umati mzima. Nenda mwenyewe kituoni saa kumi na mbili asubuhi, utazame abiria wanavyovuka mbio kuwahi daladala, na kama pana kivuko cha waenda kwa miguu. Kodi nafuu ya pembezoni (usisahau nauli ya bodaboda) mara nyingi si nafuu. Ukikosa chumba karibu na kazi, tafuta kilicho jirani na kituo cha mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yao maalumu.