Cheti cha maadili mema kwa anayejitolea katika makao ya watoto

Makao ya watoto nchini Kenya yakipata mtu wa kujitolea, awe mwalimu wa wikendi, mpishi au dereva wa msimu wa likizo, cheti chake cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kiwe mezani kabla hajaachiwa mtoto hata mmoja. "Nimeshaomba, kinakuja" si cheti.

Maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwombaji afungue akaunti kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, aingie huduma za DCI, ajaze, kisha alipe Sh1,050. Achapishe nakala 2 za ankara pamoja na C24, fomu ya alama za vidole. Hapa ndipo wengi hurudishwa: C24 huchapishwa mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Kijana wa saiba asiyejua atakupa karatasi mbili, nawe utakuwa umepanga foleni asubuhi nzima bure.

Alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, au makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Abebe kitambulisho chenyewe na nakala yake. Ofisa huviringisha kila kidole kutoka ukingo huu wa ukucha hadi ule, vyote 10. Mkono ulegezwe, ukijisukuma mwenyewe, wino unapakaa na mistari inafunikana. Mafundi wa saruji na wafua nguo wana taabu zaidi, maana mistari yao imelika. Wapumzishe mikono siku kadhaa na kujipaka mafuta usiku, ila siku yenyewe waende na vidole vikavu. Alama zisizosomeka hurudiwa, kwa hiyo mwombaji awe akichungulia akaunti yake.

Kikiwa tayari, hupakuliwa eCitizen. Usipokee cha WhatsApp: kubadilisha jina kwenye PDF ni kazi ndogo mno. Aingie kwenye akaunti yake mbele yako, akipakue upya, nawe ulinganishe jina na nambari ya kitambulisho. Kikipita mwaka mmoja, aombe kingine.

Cheti hakimtaji aliyeshukiwa kwingine akaondolewa kimyakimya, wala makosa ya nje ya Kenya. Mgeni alete pia cheti cha kwao. Na kila mmoja atoe wadhamini 2, mmoja awe amemsimamia akifanya kazi na watoto. Wapigie simu, usiridhike na barua, uwaulize: "Ungemrudisha kwako?" Akisita, muulize kwa nini.